Manowari Isiyopiga Simu

Baada ya alasiri, baraza ya nje ya duka la Jaifar huku Al Amerat hujaa, dele la kahawa katikati, tende pembeni. Jaifar wenzake wamembandika jina la Rada, maana hakuna khabari inayompita, ingawa baharini hajawahi kwenda. Simoni, fundi wa kuchomelea kutoka Wadi Kabir, ni Cheche. Mzee Harub ni Stimu, kwa sababu ujana wake aliumalizia kwenye injini za jeshi la majini. Mwanawe Khattab sasa yumo kwenye frigeti, manowari mpya, na tangu ing'oe nanga hajapiga simu. Jana, ili mkewe Muhsina apate usingizi, Harub alimwambia mtoto kapiga. Wenzake wa baraza aliwaambia kweli, na uongo huo ulikuwa ukimkereketa mpaka leo.

— Manowari ile haionekani, alisema Rada. Mbavu zake wamezilaza makusudi. Adui akitazama kwenye mitambo yake ya rada, anaona kimashua cha kuvulia papa.

— Mbavu sawa, alisema Cheche. Ila haijengwi nzima. Wanaunda vipande vipande, vingine wanavigeuza juu chini ili fundi achomelee vizuri, halafu wanaviunga. Sasa mshono mmoja ukizembewa...

— Ukizembewa vipi? aliuliza Harub.

Cheche aliona kakanyaga pabaya.

— Hauzembewi, mzee. Wanaupiga picha kama mfupa hospitalini.

— Mshono si kitu, alisema Rada. Mle hamna anayeendesha. Kompyuta tupu. Mabaharia wamewekwa kwa heshima.

— Na injini anaihudumia nani? aliuliza Harub.

— Inajihudumia. Tena nnavyosikia, baharia akiwasha simu, meli inaimeza.

Kwa desturi ya huku, aliyetosheka na kahawa hukitikisa kikombe asiongezewe. Harub alisahau kukitikisa, na Cheche akawa anamjazia tu.

— Stimu, wewe ulikuwemo jeshini, alisema Rada. Simu inamezwa?

— Inazimwa. Amri ikitoka, meli nzima inanyamaza isijulikane ilipo. Mie niliwahi kunyamaza hivyo, marehemu mama akaanza kunilia akidhani nimekufa.

— Basi mwambie mkeo hivyo.

— Nimwambie mtoto yuko pahali pasipojulikana? Nnaogopa, Jaifar.

Hapo akatokea Filomena, anayefanya kazi nyumbani kwa Harub. Barazani hajawahi kufika, akasimama kando.

— Shikamoo, baba. Mama anapika. Anauliza, jana Khattab alivyopiga, alisema huko anakula nini?

Rada alikitazama kikombe chake. Cheche akaokota tende, asiile. Harub angeweza kuieleza injini ya meli bomba kwa bomba, lakini chakula cha mwanawe hakukijua, na aibu ilimshika mbele ya wenzake. Akatafuta viatu.

— Usimjibu kitu, mwanangu. Nnakwenda kumwambia mwenyewe kuwa hakupiga.

— Anajua, baba. Kasema ukikosa jibu nisikuache hapa. Uje mngoje wote wawili hiyo simu.