Fundi Soma Kwanza na Kompyuta Ishirini na Nne za Shule

Mjomba wetu, ambaye wengi mlimwita Soma Kwanza, alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, mtoto wa tatu wa mshona viatu na mkunga. Alimaliza darasa la saba mwaka 1975, kisha akasomea ufundi wa redio kwa miaka miwili.

Alitengeneza simu za mezani hadi 1999, alipofungua chumba chake cha kompyuta mkabala na mashine ya kusaga. Jina alilipata hapo. Hakuruhusu mtu achomeke memori, kile kibao chembamba cha kumbukumbu ya kompyuta, kabla ya kusoma kibandiko chake na kukilinganisha na bodi ya mashine. "Mashine kuukuu ni kama mama mkwe," alisema. "Uliza anachokula kabla hujapakua." Mpwa wake, aliyetoka chuoni na cheti chake, hakuuliza. Aliona memori haikai sawa, akaikandamiza kwa kidole gumba. Tundu la kuichomekea likavunjika, bodi ikafa. Mjomba hakufoka. Alimpa lenzi na daftari, akamwambia aorodheshe memori zote za dukani, moja moja. Zilikuwa mia tatu na kumi. Mpwa huyo ndiye anayesoma wasifu huu.

Mwaka 1988 alimwoa mwalimu wa hesabu. Januari mwaka huu, shule ya mwalimu huyo iliambiwa kompyuta zake ishirini na nne ni takataka, na bila kompyuta wanafunzi wasingefanya mtihani wa Oktoba. Mjomba alikataa. Alisema zina njaa ya memori tu, akaanza kuzifufua moja moja. Nami nasema mbele ya jeneza hili: anayetupa kitu bila kukifungua anawanyima watoto wetu haki yao.

Februari figo zilianza kumsumbua. Daktari alimwamuru apumzike. Yeye akaingia wodini na daftari la mashine hizo. Siku mbili kabla ya kufariki, nilimpelekea memori ya giga nne kwa ajili ya mashine ya ishirini na moja. Alikisogeza kibandiko karibu na jicho.

"Hii itakataa. Mashine ile inataka mbili za giga mbili, tena pacha. Rudi sokoni."

Nilirudi, na mashine ikawaka. Alifariki tarehe 17 Juni, saa nne asubuhi, akiwa ameshaambiwa.

Ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu wanne, dada mmoja, na mama mkwe, aliyeucheka ule utani kuliko sisi sote.

Zimebaki mashine tatu, na daftari ninalo. Zitawaka kabla ya Oktoba. Pumzika kwa amani, mjomba. Safari hii nitasoma kwanza.