Gesi ya Ng'ombe wa Mahari

Wewe unayesoma huku umeshiba, hebu nijibu: ng'ombe wa mahari akicheua, gesi ni ya nani, ya baba wa bwana harusi au ya mkwe? Sisi wa benchi la Kanazi, mbele ya banda la fundi baiskeli, tumelikalia swali hilo tangu asubuhi, malori ya kurudisha wakimbizi kwao yakitutilia vumbi kwenye vikombe. Jana bwana mifugo alileta agizo: ng'ombe wanatoa gesi inayopasha dunia joto, kwa hiyo kila zizi lipunguzwe nusu, na ziada iende mnadani Jumamosi. Mwenye ng'ombe wengi ni Mzee Mayunga, tunamwita Zizi. Nusu ya ng'ombe wake alishamwahidi Telesfori wa Mugoma, ng'ambo ya kilima, mahari ya Iradukunda, binti wa Telesfori anayeolewa na mwanawe Zizi. Mimi naitwa Digrii. Digrii ninayo, kazi sina.

ZIZI: Ile nusu si yangu. Ni ya mkwe, mimi nawachunga tu.

TELESFORI: Oya, mkwe! Ng'ombe ambaye hajavuka kilima si wangu. Kwangu nako kumejaa. Ukiniletea leo, mnadani nakwenda mimi.

ZIZI: Kwa hiyo gesi yangu, maziwa yako?

Hapo Pancras akaingilia. Huyu tunamwita Redio, kwa sababu hana kitufe cha kuzimia.

REDIO: Mnajua wanavyopima? Kuna mtambo huko angani. Ng'ombe akicheua Kanazi, Ulaya inawaka taa nyekundu.

ZIZI: Kumbe! Ndiyo maana dume langu linapenda kuangalia juu.

REDIO: Linapigwa picha! Na wakimbizi wanarudishwa ili kipimo kisichanganye pumzi ya watu na ya ng'ombe.

DIGRII: Redio, punguza sauti. Science haiko hivyo. Gesi ipo kweli, na mvua zinavyotuchezea mnaona wenyewe. Ila juzi msitu ukiisha, analaumiwa mkimbizi. Mvua ikigoma, mkimbizi. Leo mkimbizi anaondoka, kesi kapewa ng'ombe! Na gari la bwana mifugo lilinguruma na kutoa moshi mkutano mzima jana. Nobody asked, hakuna aliyeuliza gesi yake.

TELESFORI: Msomi, umeongea vizuri. Sasa tufanye nini?

Nikanywa kahawa. Chuoni hatukufika kwenye mahari.

REDIO: Mimi ninalo jibu. Ng'ombe waanze safari ya kwenda Mugoma leo, halafu wasifike. Wakae njiani! Njiani hakuna zizi, wataanzaje kupunguza?

ZIZI: Na mwanangu aoe njiani?

REDIO: Achunge huku anaoa!

Tulicheka mpaka fundi akadondosha spana. Bado tunacheka, Iradukunda mwenyewe akashuka kwenye baiskeli.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu.

— Baba, mama ameshakamua pombe ya ndizi, na pombe haisubiri. Anauliza, ng'ombe wanafika lini?

Telesfori akamtazama Zizi. Zizi akamtazama Redio. Redio, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akazimika. Nikainua birika la kahawa: machicha matupu.

Basi nyie mlioleta agizo, rudini Kanazi kabla ya Jumamosi. Zimeni gari. Kaeni kwenye benchi hili, mumtazame huyu binti usoni, mmwambie kwa midomo yenu: ng'ombe wake mmewahesabia zizi la nani, na yeye anaolewa lini?