Tindikali ya Mtihani

Sogeeni karibu, wanangu, wewe Clemensi na wewe Germana, na mama yenu Antonia akae hapa kitandani, maana sauti hii niliyofokea madarasa miaka yote sasa haivuki hata mlango. Shamba la Oldeani ni la mama yenu mpaka mwisho wake, asije baba mdogo wala mjomba akampangia pa kulima. Ng'ombe gawaneni bila kelele. Hayo yamekwisha, na siyo niliyowaitia.

Nimewaitia ile chupa ya tindikali iliyo kabatini. Mnajua tangu vita vya Kagera viishe madukani hamna kitu, na maabara yetu haina hata kiberiti. Chupa ile niliizungushia blanketi nikaipakata ndani ya basi kutoka Arusha kama mtoto mchanga. Ni ya mtihani wa vitendo wa kidato cha nne. Mkuu wa shule ameshatamka: safari hii wanafunzi wakianguka tena, kemia inafutwa na chumba kinawekwa mahindi.

Germana, mwanangu, nenda kailete niione.

Wanafunzi wangu hawa niliwapata kwa jasho. Walisema kemia ni mambo ya Wazungu, mpaka nilipomwomba Nashipai, yule binti wa Nainokanoka, alete magadi wanayolambisha ng'ombe kwao. Aliyaleta kwenye pindo la shuka, amenuna, maana kwao chumvi ya ng'ombe haichezewi, na kuipata ni taabu tangu walipoondolewa ndani ya kreta, kwenye magadi na malisho yao. Nikayakamulia limau. Yalipotoa povu, yakachemka bila moto, hasira zikamwisha, akaniuliza, "Mwalimu, nani yumo humo ndani?" Nikamwambia, "Ni hewa, mwanangu, ilikuwa imefungwa." Tangu hapo hakukosa kipindi, na wenzake akawavuta. Sijawahi kufurahi vile, hata siku ya harusi yangu, mama Clemensi unisamehe.

Germana, mbona umerudi mikono mitupu? Mbona unamtazama kaka yako?

Clemensi. Kumbe ndiyo maana Landrova yetu inanguruma hapo nje. Unasema uliniona jana napigania pumzi, betri imekauka, maji ya betri hayapatikani popote, ungefanyaje ila kuitia tindikali yangu. Ulitaka kunifikisha hospitali. Mwanangu, mimi sitafika hata Rhotia hapo njiani, na hao watoto ndiyo basi tena.

Niambie kitu kimoja. Ulianza na maji kwanza, ukamiminia tindikali humo polepole? Eh. Basi hilo ulilishika, wewe uliyekuwa ukitoroka kipindi changu.

Nipe mkono. Sina hasira nawe, nimevunjika moyo tu, na siwezi kuwadanganya nikiwa hapa. Zima gari, mafuta yenyewe ya shida. Mungu awatunze, awape mvua, awape watoto wenye kuuliza... mama yenu msimwache peke yake jioni...

Jumatatu watakuja, Nashipai na wenzake, kwa mazoezi ya mtihani. Msiwaambie itapatikana nyingine. Haipo, mseme haipo. Nashipai mumpe habari ya chupa kwanza... mwacheni alie... akinyamaza... ndipo mmwambie na yangu.