Sare Mbili za Brigedia

Benchi lenyewe lilikuwa ubao mmoja mrefu juu ya matofali, limeegemea ukuta wa duka la dobi, pale ambapo mvuke wa pasi hutoka dirishani na kuwapa wakaaji joto la bure asubuhi. Juu ya mlango Dobi alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu KESHO NI KESHO, na hayakuwa maneno ya urembo. Madobi wengine wakikuambia kesho, wanamaanisha siku yoyote kabla hujafa. Yeye, kwa miaka kumi na tisa, hajamchelewesha mtu hata kola. Asubuhi hiyo, saa nne, redio ya kinyozi wa jirani ilikuwa imekwisha kutangaza mambo matatu kwa pumzi moja. Mahakama imeamua kwamba watu waliokaa uwanjani mbele ya bunge, wakimtaka Rais aondoke kwa kuwa muda wake umekwisha, wana haki ya kukaa hapo. Bunge linakutana kesho kumwapisha mrithi wake. Na Rais amemwamuru Brigedia wa kambi ya mjini awaondoe watu hao leo, saa sita mchana, kwa risasi ikibidi. Brigedia hajajibu. Dobi alikuwa ndani akipiga pasi, masikio yako nje. Mke wake alikuwa uwanjani, siku ya nne sasa.

Kwenye benchi walikuwa wanne, kila mmoja na kikombe chake. Stoo alipewa jina hilo kwa kuwa alilitumikia jeshi miaka ishirini na mbili akigawa buti na mablanketi, na vita pekee alivyopigana ni vya panya. Wakili hakuwa wakili. Alikuwa akiwachapia watu hati za viapo kwenye ngazi za mahakama. Kinyozi alikuwa kinyozi kweli. Shangazi, mwenye birika, ndiye aliyekuwa akiuza kahawa, na ndiye pekee aliyekuwa kazini.

— Amri ni amri, alisema Stoo. Jeshini hakuna neno "lakini". Miaka ishirini na mbili sijalisikia.

— Ungelisikilia wapi? aliuliza Kinyozi. Kwenye mablanketi?

— Ndugu zangu, tutenganishe mambo, alisema Wakili, kidole juu. Askari haapi kumtii mtu. Anaapa kuilinda katiba. Amri iliyo kinyume cha sheria si amri. Ni maoni.

— Maoni yenye bunduki, alisema Shangazi.

— Wahenga walisema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Stoo, mkuu hapo ni nani? Mkuu ni sheria.

— Sheria itamvunja nani guu? Wewe umewahi kuiona na rungu?

— Nimeiona na mihuri.

— Haya. Basi Brigedia apigwe mhuri.

Kinyozi alicheka mpaka kahawa ikamwagika gotini. Dobi, ndani, hakucheka. Alikuwa akinyoosha shuka ambalo lilikuwa limeshanyooka.

— Mnasahau pensheni, Kinyozi aliendelea akijipangusa. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Brigedia pensheni yake bado iko tumboni. Atamtukanaje mkunga?

— Methali hiyo haihusu majeshi, alisema Wakili.

— Inahusu tumbo. Tumbo liko kila mahali.

— Mimi namjua huyo Brigedia nje ndani, alisema Stoo. Buti zake za kwanza alizipokea mkononi mwangu. Kijana mnyoofu kama rula. Atatii. Ila mjue kitu kimoja ambacho Wakili hajakisoma popote. Amri kama hiyo husomwa gwarideni, na gwaride la amri ni sare kamili. Kofia, mkanda, nishani. Kamanda akitokea na shati la nyumbani hakuna wa kumpigia saluti. Akisema "mbele tembea", watamtazama kama baba mwenye nyumba aliyekuja kuulizia choo.

— Kwa hiyo nchi nzima imeshikwa na kofia?

— Na mkanda.

Dobi aliiweka pasi juu ya kigae na kuinua macho. Kwenye msumari wa mwisho, kila moja na uzi wa buluu ndani ya kola, alama ya mteja, zilining'inia sare mbili za Brigedia. Zilikuwa na mstari wa pasi ambao ungeweza kukata mkate. Kwa kawaida dereva ndiye huleta moja na kuchukua nyingine. Ijumaa Brigedia alikuja mwenyewe, kazibeba zote mbili mkononi kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa, akasema, "Usiharakishe, fundi." Dobi alilichukua neno hilo kwa ubaya. Mtu wa kumwambia yeye asiharakishe alikuwa anamtilia shaka. Akakesha, akazimaliza Jumamosi.

Huko nje nadharia zilikuwa zimeanza kuota mbawa.

— Njia ya kisheria ipo, alisema Wakili. Brigedia anamwandikia Rais barua, nakala tatu, akiomba ufafanuzi wa neno "ikibidi". Rais ana siku kumi na nne za kujibu. Siku za kazi. Ukitoa Jumapili na sikukuu, mpaka jibu lifike waliokaa uwanjani watakuwa wamezaa na kuozesha.

— Barua ipelekwe na nani?

— Tarishi.

— Na tarishi akipewa amri asiipeleke?

Wakili alikunywa kahawa kwa muda mrefu kuliko ilivyokuwamo.

— Mimi nasema Brigedia hayupo, alisema Kinyozi. Alhamisi nimemnyoa dereva wake. Kimya, kama mtu aliyemeza ufunguo. Aliyepo kambini ni pacha wake.

— Hana pacha.

— Ndiyo sababu hujawahi kumsikia. Serikali humfichia kila mkubwa pacha mmoja, kwa dharura.

— Basi wamtoe pacha wa Rais, alisema Shangazi, aliyepo ahamie kwake tupumzike.

— Brigedia ni samaki, Stoo alisema taratibu. Samaki mkunje angali mbichi. Hawa wameshakaushwa. Ukimkunja, anavunjika.

— Afadhali avunjike yeye kuliko wale walioko uwanjani, alisema Shangazi.

Kisha akainamia birika, maana alikumbuka nani alikuwa nyuma ya dirisha. Kinyozi hakukumbuka, au alikumbuka akaona ni utamu.

— Muulizeni Dobi. Yeye ndiye mtaalamu wa amri. Alimwamuru mama watoto asitoke nje ya geti. Dobi, amri yako ilikuwa halali au haramu?

— Ilitekelezwa? aliuliza Wakili.

— Ilitekelezwa mpaka kwenye geti.

Dobi aliishika tena pasi. Mkewe alikuwa ameondoka Jumapili na chupa ya maji, akamwambia, "Wewe paza sauti, mimi nakwenda kukaa." Usiku wa kwanza alipiga simu: kuna baridi, amletee sweta lake la kijivu. Dobi akamjibu kwamba yeye si mchukuzi wa waasi. Usiku wa pili simu ikalia tena, maneno yale yale, sauti imekauka zaidi. Usiku wa tatu haikulia. Sweta alikuwa amelifua, akalipiga pasi, akalikunja na kulifungia ndani ya karatasi. Lilikuwa kwenye rafu, chini ya sare za Brigedia.

Saa nne na nusu alikuja mtu kwa miguu, shati la mistari, ndala, ndevu za siku mbili. Akaomba nafasi, akaketi ukingoni mwa benchi. Shangazi akamimina. Stoo, aliyependa wasikilizaji wapya, akamgeukia.

— Karibu, ndugu. Tunamjadili Brigedia. Mimi nimetumika naye. Buti zake za kwanza nilimpa mimi.

— Zilikuwa zinabana, alisema yule mtu.

— Nani kakwambia?

— Vidole.

Stoo alicheka, kisha akaacha kucheka, kisha akamtazama vidole. Dobi alikuwa ameshatoka mlangoni, mikono imemshuka ubavuni.

— Mkubwa, karibu, alisema. Sare zako ziko tayari. Zote mbili. Tangu Jumamosi.

Aliyasema kwa fahari, kama afanyavyo siku zote, na ndiyo maana alishangaa kuona uso wa Brigedia ukianguka kama wa mtu aliyesomewa hukumu. Benchi zima lilikuwa limekaa wima. Kinyozi alikuwa ameficha ndala zake chini ya ubao, hakuna ajuaye kwa nini.

— Nilikwambia usiharakishe.

— Mimi sichelewi, Mkubwa. Imeandikwa hapo.

Brigedia aliinua macho akasoma maandishi mekundu juu ya mlango. Aliyasoma mara mbili, si marefu. Kisha akawageukia wote, kwa upole, kama mtu anayeuliza njia.

— Nyinyi mnajua mengi, nimewasikia tangu kona ile. Nisaidieni. Nguo ikichelewa kwa dobi, kosa ni la nani?

Wakili alichungulia ndani ya kikombe chake. Kinyozi alitazama redio. Stoo, mwenye miaka ishirini na mbili ya majibu, alianza kutafuta kitu mfukoni.

Dobi ndiye aliyeelewa, na alipoelewa alipiga hatua moja mbele. Haikuwa kwa heshima.

— Mkubwa, wewe una bunduki mia tano. Huwezi kusema "hapana" kwa mdomo wako?

— Nikisema hapana, kabla ya saa sita atakuwa amepatikana mwingine wa kusema ndiyo. Mwenzangu anakiangalia kiti changu tangu mwaka juzi. Lakini nikiwa sina sare, hakuna aliyekataa. Kuna nguo chafu tu. Gwaride litasogezwa mpaka kesho.

— Na kesho bunge linakutana, alisema Shangazi.

— Kesho mimi nitakuwa na amri za mtu mwingine.

— Na wakija kuuliza nani alichelewesha? aliuliza Dobi.

Brigedia hakumdanganya, hilo lazima tulikiri.

— Watakuja kwako.

Amri, alifikiri Dobi, huteremka ngazi moja moja, kutoka kwa mkubwa mpaka kwa mdogo kabisa, mwenye kidole chake kwenye bunduki. Hakujua kwamba hata kukataa huteremka ngazi hizo hizo. Na huku chini, baada ya jemadari na wanasheria na wanafalsafa wa kijiweni, alikuwapo yeye na pasi ya mkaa.

Aliona pia jambo jingine, dogo, na ndilo lililomuuma zaidi. Kwamba kama angekuwa dobi kama wengine, mvivu na mwongo, sare zile zingekuwa bado zimeloweka, na mkewe angekuwa salama bila mtu yeyote kuulizwa kitu.

— Shangazi, imebaki kahawa?

— Ya chini, yenye machicha.

— Nipe yote.

Alipokea birika, akaingia nalo ndani. Walisikia sauti kama ya mvua ya dakika moja. Alipotoka birika lilikuwa jepesi na uso wake ulikuwa wa mtu aliyemchinja jogoo wake mwenyewe.

— Zina doa, Mkubwa.

— Zote mbili?

— Zote mbili. Kifuani. Kahawa ni mbaya, lazima ziloweke.

— Zitakuwa tayari lini?

Dobi alitazama juu ya mlango, akashusha macho haraka.

— Kesho, alisema, kwa sauti ile ile wanayoitumia madobi wote duniani.

Brigedia alishusha pumzi. Akanyanyuka. Kisha, na hapa ndipo Wakili baadaye alikiri kwamba mtu yule alistahili cheo chake, akanyoosha mkono.

— Niandikie.

— Nini?

— Risiti. Kwamba hazijawa tayari. Na jina lako, tafadhali.

Dobi alijifuta mikono. Kisha akachana karatasi kwenye kitabu chake, akaandika: Sare mbili, hazijawa tayari, kesho. Akaweka jina. Hiyo, kwa kadiri ijulikanavyo, ndiyo karatasi pekee siku ile nchini ambamo amri ya Rais ilipewa jibu lenye sahihi, na mwenye sahihi alikuwa dobi.

— Ingefaa na shahidi, alisema Brigedia.

Kinyozi alikumbuka mteja. Stoo aliona jua limekuwa kali na akataka kuhamia kivulini, ng'ambo ya barabara. Wakili, anayekula kwa sahihi za watu, alieleza kwamba kisheria shahidi hatakiwi kuwa mtu aliyekunywa kahawa inayohusika. Shangazi alimnyang'anya Dobi kalamu, akatia dole gumba na jina, herufi kubwa, akampa Brigedia karatasi.

— Haya, nenda ukachelewe, baba.

Brigedia akaikunja risiti kwa uangalifu, mara nne, akaiweka mfuko wa shati, akaondoka na ndala zake.

Wakarudi kwenye benchi mmoja mmoja, kila mtu akimtazama mwenzake kana kwamba mwenzake ndiye aliyeondoka.

— Kimsingi, alianza Wakili, hiki tulichokishuhudia si kukataa amri. Ni kuchelewa kwa huduma. Shangazi, nimiminie kidogo tuliweke sawa.

— Imeisha, alisema Shangazi, akilipindua birika. Kainywe kwenye sare.

Dobi alikuwa amefunga dirisha. Akatoka na kifurushi cha karatasi kwapani, akatia kufuli mlangoni. Ilikuwa saa tano, mchana wa kazi, na kwa miaka kumi na tisa hakuna aliyewahi kuiona kufuli hiyo ikifungwa saa tano.

— Unakwenda wapi? Wakija je? aliuliza Stoo.

— Waambie nimepeleka nguo.

— Nguo gani?

— Sweta la mama watoto. Uwanjani.

— Na jua hili? alisema Kinyozi. Sweta?

— Aliniamuru tangu Jumapili.

Wakili hakuweza kujizuia, ndivyo alivyoumbwa.

— Na hiyo amri, kisheria, ni halali?

Dobi alikuwa ameshafika barabarani. Alijibu bila kugeuka, akitembea kwa haraka, kama mtu ambaye kwa mara ya kwanza maishani mwake amechelewesha mzigo.

— Hiyo, ndugu yangu, nyumbani kwangu hakuna aliyewahi kuthubutu kuihoji.