Risala ya Jiko: Ukuta wa Vikombe Usibomolewe

Mgeni rasmi, Mwenyekiti wa Baraza la Chuo Kikuu cha Mpakani, Mkuu wa Kampasi ya Busia, wahadhiri, wanafunzi wetu, na nyinyi nyote mliokaa chini ya hema hili la kukodi, hamjambo?

KARIBU

Sisi wafanyakazi wa jiko, usafi na geti tunakukaribisha kwa mikono miwili. Tumeambiwa foleni ya malori ilikuchelewesha. Pole sana. Hata sisi hutuchelewesha, ila sisi tukichelewa tunaandikiwa barua.

Anayekusomea ni Protus wa getini, yule aliyekupigia saluti. Mwandishi ni Mourine wa usafi, kwa sababu hati yake inasomeka. Lakini habari yenyewe ni ya Mama Asio, mpishi mkuu, yule pale safu ya tatu mwenye leso ya samawati, anayejifanya anatafuta kitu chini ya kiti. Ofisi ilitupa mfano wa risala, ukurasa mmoja, na kutuomba tuseme tuna furaha. Furaha tunayo. Na wivu pia tunao, tena mwingi, na Mama Asio amesema wivu uandikwe la sivyo hapakui chakula cha wageni.

HISTORIA

Kampasi ilianza mwaka 2014 ndani ya ghala kuukuu la pamba, wanafunzi wakiwa thelathini na mmoja. Saa nne asubuhi kila mtu, mhadhiri na mfagiaji, alikunywa uji wa wimbi na muhogo penye jiko. Shida ilikuwa vikombe. Vinapotea, vinagombaniwa, na kesi zote zinaletwa kwa Asio utadhani yeye ni chifu. Akachoka. Akamwomba fundi misumari, akaigongomea ukutani yeye mwenyewe, akatangaza: "Kila mtu alete kikombe yake, aandike jina na cutex ya kucha. Msumari yako ni yako mpaka siku utamaliza hapa."

Huo ndio mwanzo wa ukuta ule unaouona nyuma ya jukwaa, wenye kamba ya fundi wa ujenzi mbele yake. Kamba hiyo tutaifikia.

MAFANIKIO

Kikombe kilichonywewa huoshwa na kurudishwa msumarini kikiwa bado na majimaji. Kikombe cha mtu ambaye hakuja hubaki kikavu. Asio hakufundishwa na mtu, alipita tu siku moja akipangusa ukuta, akashika kimoja kikavu, akauliza, "Huyu ako wapi?" Tangu siku hiyo, kikombe kikikauka siku mbili, Asio hufunga leso kiunoni na kwenda kumtafuta mwenye kikombe.

Hivyo ndivyo alivyopatikana Ikapel wa Malaba, mwaka wake wa kwanza, akiwa amelala na malaria katika chumba cha kupanga kule Mundika, hana hata wa kumchotea maji. Leo Ikapel ni yule mwenye tai nyekundu anayekupiga picha. Hivyo ndivyo Daktari Echodu wa Hisabati alivyopelekewa uji nyumbani wiki aliyofiwa na mkewe, kabla barua ya rambirambi ya chuo haijapigwa mhuri. Vikombe leo ni mia mbili kumi na vinne. Hatukuwahi kuwa na jina la kazi hiyo. Tuliita uji.

CHANGAMOTO

Changamoto yetu kubwa iliitwa Janet.

Usishtuke, mgeni rasmi. Yeye mwenyewe ameisoma karatasi hii, akacheka, akasema isipunguzwe.

Madam Janet Chepkemei aliletwa Septemba iliyopita, Afisa wa Ujumuishaji. Sisi hatukujua ujumuishaji ni nini. Tukaelezwa ni kumfanya kila mtu chuoni ajihisi yuko kwao. Asio akaweka mwiko chini. "Kwani mimi nimekuwa nikifanya nini hapa miaka yote hii?"

Janet alikuja na bango, na fulana zilizoandikwa "Sote Ni Chuo", na ujumbe wa simu unaomfikia kila mwanafunzi saa moja asubuhi: habari ya asubuhi, wewe ni wetu. Fulana zilifika kwa wahadhiri, zikafika kwa wanafunzi, zikaishia mlangoni mwa jiko. Wanafunzi wakampenda bure. Wale wale waliokuwa wakiegemea dirisha la Asio kumweleza habari za kwao sasa walipita mbio na kikombe mkononi, wakienda kukaa kwenye nyasi na Madam. Siku moja Asio akamsikia msichana wa mwaka wa kwanza akisema, "Huyu Madam ni kama mathe yetu," yaani mama yao. Alikuwa akimpakulia msichana huyo huyo uji. Akampa nusu kikombe.

Wivu ulimshika Asio. Hakuficha. Akimwona Janet anapita na kile kitambulisho chake shingoni, husonya mpaka sufuria inasikia. Usiku hakulala vizuri, mchana alikosea chumvi. Sisi tulimwunga mkono, mgeni rasmi, tusikudanganye. Tulikuwa tukimchochea. Tulimwambia, "Mama, wamekunyang'anya watoto."

Na kabla ya hayo, wiki yake ya kwanza hapa, Janet alikuwa amekuja dirishani, ameshika kikombe cha buluu chenye ua. Amekiandika jina na cutex kama tulivyozoea.

"Mama, naomba kamsumari tu. Hata kale ka huko juu kabisa."

Asio hakugeuka. "Misumari imeisha."

"Imeisha yote?"

"Yote, dada."

Mkebe wa misumari ulikuwa miguuni pake, umejaa. Sote jikoni tuliuona, na sote tukainamia kazi zetu. Janet akasema asante, akarudi na kikombe chake ofisini. Hakuuliza tena.

Halafu likatoka jarida la chuo. Picha ya Janet amesimama mbele ya ukuta, na maneno chini yake: Afisa wetu na utamaduni wake mpya wa vikombe. Wake! Mpya! Asio hajui kusoma haraka, akasomewa na Mourine mara tatu, akitumaini mara ya tatu itakuwa tofauti. Akavua aproni. "Leo tutajuana." Akakunja jarida kwapani, akatoka saa sita mchana kuelekea nyumba za wafanyakazi, maana ofisini Janet hakuwepo. Njiani alikuwa akijipangia maneno, kwa Kiteso na kwa Kiswahili, yapi yaanze.

Akabisha kwa kiganja. Akausukuma mlango.

Janet alikuwa kwenye godoro, midomo imepasuka, anatetemeka mchana wa jua kali. Siku ya nne hiyo. Chumbani hakuna uji, hakuna chai, kuna kile kikombe cha buluu tu, chini, kikavu. Na siku zote nne simu za wanafunzi zilipokea habari ya asubuhi, wewe ni wetu, kwa sababu ujumbe ule hujituma wenyewe. Kila mtu alifikiri Madam yuko salama. Mtu wa kumwambia kila mmoja yuko kwao alikuwa hana wa kumuulizia ako wapi.

Janet akafungua macho, akaona jarida. "Mama, si mimi niliandika hiyo. Niliwaambia ni yako. Wakasema nafasi ni ndogo."

Asio alikaa chini sakafuni. Maneno yote ya njiani yakamwisha. Alilosema ni moja: "Misumari haikuwa imeisha."

"Nilijua," Janet akasema. "Niliona mkebe."

Mgeni rasmi, Asio alilia. Kisha akamwita Protus, wakamkalisha Janet nyuma ya bodaboda katikati ya Asio na dereva, wakampeleka hospitali. Jioni hiyo hiyo aligonga msumari wa Janet ukutani. Lakini ameagiza isiandikwe kwamba wivu umeisha. Haujaisha. Wanafunzi wakikaa na Janet kwenye nyasi bado roho inamwuma. Tofauti ni kwamba sasa akitaka kusonya, kwanza anaangalia kile kikombe cha buluu kama kina maji.

MAOMBI

Tuna ombi moja tu.

Leo umekuja kuweka jiwe la msingi la Kituo cha Ujumuishaji. Ni jambo jema na Madam Janet ndiye aliyelipigania. Lakini mchoro uliotoka makao makuu umeliweka jengo mahali penye jiko, na Jumatatu ukuta wa vikombe unabomolewa. Ndiyo maana ya ile kamba. Tumeambiwa ndani ya kituo kutakuwa na vikombe vyeupe vya kufanana, vingi, anayetaka anachukua chochote.

Mgeni rasmi, kikombe kisicho na mwenyewe hakituambii kitu kikikauka. Hakuna atakayejua nani hakuja.

Jiwe lenyewe bado liko juu ya mkokoteni, hatujalishusha. Protus amekataa kulishusha mpaka umalize kusikiliza. Upande ule wa pili wa ghala kuna uwanja mtupu, hatua ishirini tu kutoka hapa. Tunaomba ulipeleke huko. Mkokoteni tutausukuma wenyewe.

Na usisubiri kikombe chenye kisahani ambacho ofisi imekununulia. Msumari wako Mama Asio ameshaugonga asubuhi, chini ya ule wa Daktari Echodu. Kikombe utuletee kutoka kwako, na jina uandike mwenyewe. Ukikaa muda bila kuja, tutakuulizia.

Mungu akurudishe nyumbani salama, akuepushe na malori, na chakula chetu kikukae vizuri tumboni.

Ni sisi wafanyakazi wa jiko, usafi na geti, Kampasi ya Busia, watu kumi na tisa.

Samahani. Hapo Mourine alihesabu kwa mazoea ya zamani. Ni watu ishirini, pamoja na Janet Chepkemei, msumari wa mia mbili na kumi na nne.