Nani Kachukua Usingizi wa Mabula?

Benchi letu liliegemea kibanda changu cha kushonea viatu, pale Somanda, kando ya barabara ya kwenda hospitali. Mwezi wa sita ule, mwaka 1995, lori za wanunuzi binafsi zilikuwa zinapita tangu asubuhi zimejaa pamba, na sisi tukizihesabu kwa macho. Chama cha ushirika kilikuwa kimepunguza watu mwezi wa pili, na wawili kati yao walikuwa wetu. Mabula tulimwita Mizani, kwa sababu alipima pamba ghalani miaka kumi na tisa. Mwandu alikuwa mlinzi wa ghala hilohilo, tukimwita Godoro. Barua zao zilitoka siku moja. Tangu siku hiyo Godoro analala popote anapokaa, na Mizani halali kabisa.

Asubuhi hiyo Mizani alifika macho mekundu, akapokea kikombe cha kahawa.

— Vipi, hata jana? nikamuuliza.

— Lepe la saa moja tu. Halafu macho kodo mpaka jogoo awike. Wiki ya kumi na sita hii.

— Punguza kahawa, akasema Januarius muuza kahawa, huku anammiminia kikombe cha pili.

Novatus akakohoa. Huyu ndiye Redio, maana lolote alilosikia redioni alilirudia kwetu, na asilolisikia alilitunga.

— Tatizo ni sponji, akasema. Wewe umezaliwa kwenye ngozi ya ng'ombe. Biashara zimeachiwa huru, magodoro ya sponji yamejaa madukani, na wewe mbio ukanunua. Kichwa kinataka kulala, mgongo unakataa. Wahenga walisema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani.

— Ngamani ndiyo wapi? akauliza Mizani.

— Si huko kwenye ngozi!

— Mimi nalalia sponji hilohilo, akasema Godoro bila kufumbua macho. Tulinunua pamoja Maswa.

Joakim akaweka kikombe chini. Aliwahi kuwa katibu wa tawi, na mpaka leo akitaka kusema lazima kwanza anyooshe shati.

— Sponji halina kosa, jamani. Hili ni soko huria. Zamani sukari ilikuwa ya mgawo, sabuni ya mgawo, khanga ya mgawo. Na usingizi hivyohivyo, kila mtu na fungu lake. Sasa serikali imejitoa. Mwenye nguvu anabeba wote.

— Anaupeleka wapi, Katibu? nikauliza.

— Tazameni wenyewe. Barua mbili, siku moja, ghala moja. Mmoja hapati hata lepe, mwingine analala asubuhi, mchana na jioni. Mtu mmoja hawezi kuwa na usingizi mwingi namna hii. Huyu analala wa watu wawili. Haya, huo wa pili ni wa nani?

Tukacheka mpaka Januarius akashika birika lisianguke. Mizani hakucheka.

— Hata mimi nimeshawaza hilo, akasema polepole.

Godoro akafumbua macho.

— Umewaza nini, Mabula?

— Kwamba usingizi wangu unao wewe.

Kicheko kikakatika. Huku kwetu neno kama hilo ni kumwita mtu mchawi, na halibaki kijiweni. Linafika nyumbani, linafika kwa ukoo, na watu wamehamishwa vijiji kwa neno dogo kuliko hilo.

— Mabula, mimi ndiye niliyekusimamia harusi yako.

— Najua. Basi niambie kwa nini wewe unalala.

— Sijui! Nikijilaza nalala.

— Lisemwalo lipo, Redio akadakia.

— Funga mdomo wewe, nikamwambia.

Basi la kutoka Maswa lilikuwa limesimama karibu nasi, na mama mmoja wa makamo akaja moja kwa moja benchini, kapu kichwani. Alikuwa Nyanjige, shangazi yake Mabula, aliyemlea.

— Mwangaluka, mayu, tukamwamkia mama huyo kwa lugha ya kwetu.

Akaitikia, akatua kapu, akawaangalia wale wawili.

— Kuna nini?

Joakim akanyoosha shati. Godoro akamwahi.

— Shangazi, nimeambiwa nimemwibia mwenzangu usingizi.

Nyanjige akamgeukia Mabula.

— Ng'wanawane, mwanangu, usingizi wako uliibiwa na nani ulipokuwa na miaka saba? Wezi walichukua ng'ombe wa baba yako. Kaka zako walilia siku mbili, wakalala. Wewe ulikesha mwezi mzima. Ulipofanya mtihani wa darasa la saba, hukulala. Uliposa, hukulala. Jambo likikupata linapitia kwenye usingizi. Ndivyo ulivyo, na hujarogwa.

— Na Mwandu je? Limetupata pamoja.

— Limempata. Kwake limepitia pengine.

— Mimi sina shida, shangazi, akasema Godoro, kifua mbele. Nalala fofofo, hata hapa benchini.

— Ukiamka unakwenda wapi?

Godoro akakaa wima. Redio akainama kuangalia ndala zake. Ilikuwa Jumanne, msimu umefunguliwa, lori zinapita, na hata mimi fundi sikuwa nimeshika kiatu tangu nifungue.

— Sijakaa kula na wanangu tangu mwezi wa pili, akasema Godoro kwa sauti ya chini. Nangoja walale kwanza, ndipo nirudi nyumbani.

Mabula akasogea mpaka mabega yao yakagusana.

— Nisamehe, Mwandu. Nimechoka hadi naona mwizi kila mahali.

— Nimekuja kumchukua huyu, akasema Nyanjige. Mpunga wangu umeiva kule Maswa. Usingizi simwahidi, lakini akikesha, atakesha tukiwepo.

— Shangazi, huo mpunga ni wa kuvunwa na mtu mmoja? Mabula akauliza.

— Ni wa watu kumi, akasema shangazi, akamtazama Mwandu. Basi linarudi saa nane. Waage wanao, ulete na shati la kazi.

Mwandu akanyanyuka, akavuka barabara anakimbia, suruali inayompwaya kaishika kwa mkono.