Mti Mgonjwa wa Mama Asteria

Ndani ya gari la abiria la kwenda Chome, nyuma yangu, mama Asteria alimwomba mzee Elinaza wa kamati ya msitu ruhusa ya kukata mti mmoja. "Ni mgonjwa, baba. Nausubiri ufe tangu mwaka juzi, na Jumamosi naozesha binti. Pilau nitaipika kwa kuni zipi?"

"Okota zilizokauka. Huo una majani?"

"Machache, ya uzeeni."

"Basi uko hai." Nilidhani yamekwisha, lakini mzee akavua kofia. "Mimi nimebakiza nywele chache. Na mimi utanikata?"

Mama alimkagua taratibu kutoka kichwani hadi miguuni, kama anayekadiria mzigo wa kuni.

Gari liliposimama, mzee alishuka wa kwanza, ingawa kwake bado ni mbele.